Gitaa la stili la pedali: shajara ya ukarabati, Nkuhungu Dodoma

14 Juni, Jumamosi

Limeingia ndani. Bajaji ilinishushia sanduku getini saa kumi jioni, tukalibeba wawili na mdogo wangu maana ni zito kweli, nkalifungua palepale sebuleni kwenye mkeka. Kwa ambaye hajawahi kuliona, hili gitaa halivaliwi begani, linasimama kwa miguu minne kama meza, unakaa nyuma yake kwenye kiti, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma cha mviringo juu ya nyuzi, wa kulia unachuna kwa kucha za chuma ulizovaa vidoleni, afu chini una pedali tatu na magotini una liva nne, na kila moja ukiigusa inavuta au kulegeza nyuzi fulani kwa kiasi maalumu wakati noti bado inalia. Ndo ile sauti inayopanda na kushuka kwenye nyimbo za Don Williams, yule wa kantri wa Marekani, ambazo baba alikuwa anapiga kwenye redio kaseti tukitoka kanisani Jumapili. Nilipokuwa mdogo nilijua ni mtu analia kwa nyuma. Ukubwani ndo nikaja kujua mpigaji kwenye rekodi nyingi za Don ni Lloyd Green na alichoshika ni chombo hiki.

Nimelinunua kwa mzee mmoja mgeni aliyekuwa anahama Area D, lilikuwa stoo miaka mingi, kibao cha jina la kampuni kimeng'oka kwahiyo sijui limetengenezwa na nani. Nyuzi kumi, tatu hazipo. Pedali ya kati ukiikanyaga inashuka kama imekanyaga ugali, hairudi. Na vumbi, jamani vumbi la Dodoma limeingia mpaka kwenye matundu ya skrubu.

15 Juni

Baada ya ibada nimelipindua tumbo juu nikapiga picha karibu sitini kabla ya kugusa skrubu hata moja. Hii nilijifunza kwenye pikipiki, ukifungua bila picha utajuta.

Kwa ndani ni hivi. Pedali imefungwa kwenye fimbo inayopanda hadi kwenye mhimili uliolala kukatisha gitaa, kwenye mhimili kuna vikono, kila kikono kimeshika fito nyembamba ya chuma inayoenda mpaka mwisho wa kulia, kule kuna mtambo wenyewe, wapigaji wanauita chenja. Kila uzi unapita juu ya kidole chake cha alumini kwenye chenja, fito ikivuta kidole kinazunguka kidogo sana, uzi unakazika na noti inapanda. Safu za juu za chenja ni za kupandisha, za chini ni za kushusha. Na kila fito mwisho wake ina nati ya naili inayochungulia nje, hiyo ndo unaizungusha kupanga noti ifike wapi.

Tyuning yake, yani mpangilio wa noti za nyuzi, inaitwa E9, kuanzia uzi wa mbali na mpigaji (herufi ni jina la noti, # ni nusu toni juu yake): F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Ukiangalia utaona siyo kama gitaa la kawaida, uzi wa kwanza na wa pili ni vya chini kuliko wa tatu. Pedali ya kwanza inapandisha B zote mbili ziwe C#, ya pili inapandisha G# zote ziwe A, ya tatu inapandisha E ya uzi wa nne iwe F# pamoja na B ya uzi wa tano iwe C#. Liva moja ya goti la kushoto inapandisha E ziwe F, nyingine inazishusha ziwe D#. Za kulia, moja inashusha uzi wa pili na wa tisa, nyingine inashusha G# ya uzi wa sita iwe F#. Nimeandika yote kwa maka peni kwenye kipande cha boksi nikabandika ukutani, maana leo tu nimechanganya mara tatu.

Nimeshaona kwa nini pedali ya kati hairudi. Fito ya uzi wa sita imepinda kama upinde inasugua fito ya jirani, na vidole vya chenja vimegandana na kitu cheusi kama lami. Kuna mtu alipaka grisi.

21 Juni

Siku nzima ya kusafisha. Grisi kwenye chombo kama hiki, tena huku kwetu ambako kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna na upepo unavuma mchana kutwa, inageuka msasa. Inashika vumbi, vumbi linasaga alumini, noti haisimami mahali pake.

Nimetoa nyuzi zote, nikasimamisha gitaa upande wa chenja ukaangalia chini juu ya beseni, nikatumia mafuta ya taa na mswaki laini huku napiga pedali na liva moja moja ili vidole vijifungue na uchafu utoke. Nje limebandikwa mika, siyo vanishi, kwahiyo mafuta ya taa hayakuliumiza, ila kama lako lina vanishi jaribu kwanza sehemu iliyojificha. Nimerudia mara nne. Maji ya kwanza yalitoka meusi kabisa, ya nne yakawa na rangi ya chai ya rangi. Halafu nikalipeleka kwa fundi wa tairi pale barabarani apulize upepo, akaniuliza, "Kaka, hii ni mashine ya kufumia?" Nikamwambia ni gitaa, akazima kompresa akaja kuangalia vizuri.

Mafuta ya kulainisha nimeazima kwa mama fundi cherehani wa jirani. Mafuta ya cherehani ndo yenyewe, mepesi, hayagandi. Nimechovya ncha ya sindano, tone moja kila kidole, tone moja kila ncha ya mhimili, basi. Kinachozidi nimefuta kwa kitambaa. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu watu wanaipenda lakini siyo kilainishi cha kudumu, inakauka.

Rola za upande wa vichwa vya kukazia nyuzi, zile uzi unapopita juu yake, mbili zilikuwa hazizunguki kabisa. Nimezitoa, nimezisafisha, nimesaga penseli laini nikapaka ule unga mweusi kwenye vijiti vyake. Zinazunguka sa hivi hata ukizipuliza kwa mdomo.

Usiku nikakanyaga pedali ya kwanza bila uzi wowote, ikarudi yenyewe kwa kishindo kidogo. Nimefurahi sana.

28 Juni

Fito iliyopinda. Nimejaribu kuinyoosha kwa nyundo juu ya bapa la chuma, haikunyooka vizuri, na chuma kikishapinda hivyo kinabaki na udhaifu, kila ukikanyaga kinajikunja kidogo kabla ya kuvuta. Nimeipima kwa kalipa, milimita 2.4 kasoro kidogo. Hiyo ni 3/32 ya inchi. Nikakaa nikawaza wapi Dodoma napata chuma cha unene huo, kilichonyooka, kisichoshika kutu. Nikaanza na spoku za baiskeli, nyembamba mno, ni milimita 2 tu, nati ya naili ilikuwa inateleza.

Jibu nimelipata kwa wanaotengeneza mageti ya stenlesi. Wanapochomelea wanatumia vijiti vya kujazia, na kuna saizi ya milimita 2.4 inauzwa kawaida, urefu wa mita moja, imenyooka kama rula. Fundi mmoja pale Kizota amenipa vijiti viwili, kakataa hela, kasema nikimaliza nikampigie. Nitampigia.

Kukata meno ya skrubu kwenye ncha ndo kulikuwa na kazi maana stenlesi ni ngumu, nimepeleka kwa mzee wa kukereza vyuma, amekata kwa dai (kile chuma cha kuchongea meno ya skrubu) taratibu na mafuta, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Nati moja ya naili ilikuwa imepasuka, hiyo pia amenikerezea mpya kutoka kwenye fimbo ya naili wanayotengenezea bushi za magari. Kuchukua vipimo vya ile nati ndogo amevaa miwani miwili. Shikamoo nyingi kwa mzee yule.

Nimefunga fito mpya kwenye kikono. Kikono kina matundu matatu, ukichomeka tundu la mbali na mhimili fito inasafiri sana lakini pedali inakuwa nzito, la karibu pedali inakuwa laini ila inabidi mguu ushuke zaidi. Uzi wa tatu na wa sita vyote vinavutwa na pedali hii ya pili na vinatakiwa vifike A kwa pamoja. Nimejaribu matundu yote kwa zamu, limekubali la katikati.

5 Julai

Nyuzi. Hapa nimetumia akili kuliko sehemu nyingine yote.

Seti kamili ya E9 kwa Dodoma hakuna, hata dukani Dar nilipopiga simu kijana aliniuliza ni gitaa la aina gani hilo. Saizi zinazotakiwa kwa kawaida, unene kwa inchi, ni .013, .015, .011, .014, .017, .020, .026, .030, .034, .038 au .036. Sasa nikaanza kuangalia pakiti za gitaa la kawaida zina nini ndani. Pakiti ya gitaa la umeme ya 10-46 ina .010, .013, .017, .026, .036, .046. Hapo tayari nina uzi wa 1, wa 5, wa 7, na ile .036 ikawa uzi wa 9, ni nene kidogo kuliko .034 lakini D inakaa. Pakiti ya 11-49 ina .011, .014, .018, .028, .038, .049, nikapata wa 3, wa 4, wa 8 na wa 10. Zimebaki mbili. Ya .015 ipo kwenye pakiti ya gitaa kavu ya 11-52, uzi wake wa pili.

Iliyonishinda ni .020 isiyosokotwa, ya uzi wa sita. Nimeweka kwa muda ile .022 iliyosokotwa ya pakiti ya gitaa kavu. Inatyunika, lakini ni shaba imezungushwa juu ya chuma na pikapu, kile kinasa sauti chini ya nyuzi, ni sumaku, shaba haiisumbui sumaku, kwahiyo uzi wa sita unasikika kama uko chumba cha pili. Nimeagiza .020 kwa rafiki anayesafirisha mizigo, nasubiri.

Uzi wa tatu umekatika mara mbili leo. Unakatikia palepale juu ya kidole cha chenja. Ndo mwembamba kuliko wote na ndo unakazwa kwenye noti ya juu kuliko zote, kwahiyo unajulikana kwa kukatika, ila mara mbili kwa siku siyo kawaida. Nimemulika kwa tochi ya simu nikaona kidole kina mfereji mdogo wenye ukingo mkali. Msasa namba 1000, halafu 2000, halafu kitambaa na dawa ya meno mpaka paking'aa. Wa tatu umekaa mpaka sasa naandika.

12 Julai

Noti hazirudi. Nikishusha E ya uzi wa nane iwe D# kwa goti halafu nikiachia, inarudi juu zaidi ya pale ilipokuwa, senti nne, mara nyingine sita (senti 100 ni nusu toni). Nikipandisha F nikiachia inarudi chini. Yani E mbili tofauti kutegemea nilitoka wapi.

Nimelaumu springi. Nimetafuta ngumu zaidi kwa fundi pikipiki, nimefunga, goti likawa zito hadi paja linauma na tatizo likapungua nusu tu. Nimezitoa, nimerudisha za zamani.

Tatizo lilikuwa nati. Ya kupandishia F mtu aliyelimiliki kabla aliikaza kupita kiasi, kwahiyo hata goti likiwa limepumzika fito ilikuwa tayari inavuta kidole kidogo. Noti ya wazi ilikuwa inashikiliwa na fito badala ya kidole kutulia kwenye kizuizi chake. Dawa: legeza nati zote za kupandisha na kushusha mpaka uone fito ina uwazi kidogo, inacheza ukiisukuma kwa kidole, ndo utyuni noti ya wazi kwa vichwa, ndo ukanyage pedali utyuni noti ya juu kwa nati. Usiguse vichwa ukiwa umekanyaga. Usiguse nati ukiwa hujakanyaga. Nimezipitia zote moja moja, saa mbili na nusu, na sasa E inarudi ndani ya senti moja.

Nimepima pia jambo lingine. Nikikanyaga pedali ya kwanza na ya pili pamoja, E ya uzi wa nne ambayo haijaguswa na chochote inashuka senti saba, kwa sababu nyuzi nne zikivutwa kwa mpigo bodi lenyewe linajikunja kidogo. Kila gitaa la aina hii lina hilo kwa kiwango fulani. Nimekaza skrubu za sahani za mwisho na za shingo, nyingi zilikuwa zimelegea, sasa ni senti nne. Nimeridhika.

20 Julai, Jumapili

Hii lazima niiandike kwa urefu.

Baba mdogo amekuja kutoka Buigiri, ana kliniki kesho. Mzee anapiga zeze tangu utoto, na sikio lake sijawahi kuona. Baada ya chakula akasema, "Haya, nisikilizishe hiyo meza yako." Nilikuwa nimetyuni kila uzi kwa programu ya simu, kila noti sindano iko katikati kabisa, sifuri. Nikapiga E, G#, B kwa pamoja, kodi (fungu la noti) ya wazi, bila pedali. Akainamisha kichwa. Nikakanyaga pedali mbili ikawa A. Akasema, "Mwanangu, zinagombana."

Nikamwambia simu inaonyesha ziko sawa. Akasema yeye hajui simu inasikiliza nini. Akaniambia nipige E na G# tu, niziache zilie mpaka mwisho. Tukakaa kimya. Na kweli nikasikia, sauti inatetemeka ndani kwa ndani, wa-wa-wa-wa, kama taa ya fluoresenti inayotaka kuungua. Akasema, "Hiyo ya juu ishushe. Taratibu. Taratibu. Bado. Hapo!" Na palepale mtetemo ukakoma, noti mbili zikawa kama mtu mmoja, chumba kikajaa. Nikaangalia simu, G# iko senti 14 chini ya sifuri.

Kwa vitabu ndo hivyohivyo. Gitaa la kawaida lenye frati (vile vyuma vya kukatisha shingoni) na kinanda vimegawanya oktava vipande kumi na mbili vilivyo sawa, hapo tatu kubwa, yani umbali wa E hadi G#, ina senti 400, lakini tatu inayozaliwa na uzi wenyewe, ile ya uwiano wa 5 kwa 4, ina senti 386. Wagogo hawajawahi kuanzia kwenye kinanda. Ilimba (ile ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze zinatyuniwa kwa kufuata noti zinazolia ndani ya noti, na waimbaji wanaimba hivyohivyo, ndo maana mtu wa nje akisikia kwaya ya kina mama wa Kigogo anahisi kuna sauti ya ziada imetokea hewani. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliizungusha dunia nzima sauti hiyo. Mimi nimezaliwa humohumo, nikaenda kuiamini sindano ya simu.

Tumefanya nyuzi zote usiku huo, yeye anasikiliza mimi nazungusha. Alichoka saa tano.

26 Julai

Nimeandika chati ya yale tuliyofanya na baba mdogo ili nisiipoteze. E sifuri, B nimeiacha juu kwa senti mbili. G# chini 14. Pedali ya kwanza, C# chini 14 pia, maana kwenye kodi ya A yenyewe ndo tatu. Pedali ya pili, A chini senti mbili. Goti la F ndo litakushangaza, F chini 28, kwa sababu inatumika kama tatu juu ya C# ambayo tayari iko chini 14. Ukiiona kwenye simu utadhani umekosea, ukiisikia pamoja na pedali ya kwanza utaiacha. Wapigaji wa Marekani nao wengi wanatyuni chini hivihivi kwa noti hizi, kila mtu na namba zake.

Nikipiga na kinanda cha kanisani kutakuwa na mvutano kidogo, nafahamu. Nimejaribu kukutana katikati, G# chini 8, haikunipendeza, nimerudisha.

Joto nalo lina sehemu yake. Asubuhi za mwezi huu ni baridi kali, saa saba mchana bati linachemka, nyuzi zinalegea, noti zote zinashuka karibu pamoja. Nikitoa gitaa kwenye sanduku naliacha nusu saa lizoee chumba kabla ya kugusa kichwa hata kimoja.

2 Agosti

Pedali ya volyumu ilikuwa inakwaruza kama redio mbovu. Ndani kuna volyumu ya kilo-omu 500, imechakaa. Fundi redio wa Majengo alikuwa nayo ya saizi hiyo, nimebadilisha mwenyewe, kwaruzo limeisha. Kuna mvumo wa umeme bado, pikapu ni ya koili moja na nyumba hii ya kupanga haina athi (waya wa umeme wa ardhini) ya kueleweka. Nikigeuza kiti na gitaa kidogo kutoka usawa wa amplifaya unapungua. Limetosha kwa sasa.

9 Agosti

Wiki ya Nanenane, magari ya kwenda Nzuguni hayaishi na vumbi lake mnalijua. Nimeshonesha kava la kitambaa kizito kwa mama fundi, linafunika mpaka chini kwenye pedali. Kila nikimaliza kupiga nafuta nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini ya uzi, halafu kava. Mafuta ya chenja nitaweka tone moja tena Novemba, kabla ya mvua.

Mwalimu wa kwaya alipita jioni. Nikampigia pambio moja taratibu, kile chuma cha mviringo tu na pedali ya kwanza na ya pili. Aliuliza kama Waafrika wanapiga hiki, nikamwambia Demola Adepoju alikipiga miaka mingi na King Sunny Adé kule Nigeria, nikamtafutia kwenye simu, tukasikiliza hadi bando likaisha. Kasema nije nacho mazoezini, lakini kwanza nisikilizane na mpiga kinanda kuhusu ile G#.

16 Agosti

Uzi wa .020 umefika jana kwa basi, tatu ndani ya bahasha. Nimefunga mmoja. Uzi wa sita umerudi chumbani na wenzake. Kwa kuwa haujasokotwa, goti linahitaji mvuto tofauti na ule wa mwanzo kufika F#, nati nimeizungusha karibu mizunguko miwili, ila umekaa, unarudi.

Baba mdogo amepiga simu, anataka wazee wenzake wa zeze walisikie. Nimeshaongea na dereva wa Noah inayoenda Buigiri, siti ya nyuma ataikunja. Ijumaa usiku nafungua miguu na fimbo za pedali, naziweka alama kwa rangi ya kucha ya dada ili kila moja irudi tundu lake, na ile chati ya boksi naibandua ukutani naenda nayo.